Vita vya 1914–1918: nawafundishaje vijana wawaonee huruma watu wa pande zote mbili?

MwlHistoria_Dar
Wakuu, habari za jioni. Nina kipindi cha dakika 80 na klabu ya historia, kidato cha pili, kuhusu Vita Kuu ya Kwanza hapa kwetu. Shida ni kwamba wakisikia "Mjerumani" na "Mwingereza" wanagawanyika kama Simba na Yanga. Nataka wamwone mtu wa kawaida wa kila upande, hasa mpagazi, yaani mbeba mizigo wa jeshi. Vitabu vya kiada vinaishia kwa majenerali, Lettow-Vorbeck wa Wajerumani na Smuts wa Waingereza. Nianzie wapi, na nikwepe nini?

Posho1917
Mwalimu, majenerali waache kwanza, anza na unga. Chukua mfuko wa sembe wa kilo 25, maana huo ndio uzito wa karibu na mzigo wa kawaida wa mpagazi, bado blanketi na vyombo vyake. Waunyanyue wawili wawili kisha wauweke chini. Usiwazungushe nao uwanjani: kwanza wataumia migongo, pili watacheka na somo litageuka mashindano.

Halafu waende ubaoni. Mpagazi anakula kama kilo moja ya unga kwa siku. Akitembea siku 5 kwenda na 5 kurudi, amekula kilo 10 za mzigo wake, anafikisha 15. Ikiwa ni siku 10 kwenda, zinafika 5 tu. Ikipita 12, hakuna kinachofika. Wape hesabu wazifanye wenyewe, usiwatajie jibu. Hapo wataelewa kwa nini jeshi lilihitaji vituo vya kupokezana mizigo, na kwa nini mwaka 1917 serikali ya Mwingereza katika Kenya ya leo ilifagia vijiji kutafuta wanaume, wengi kwa nguvu, kwa rupia 5 hivi kwa mwezi.

Sehemu ya kukaa nayo zaidi ni mapishi. Watu waliozoea ndizi, viazi au wimbi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya. Wanafika kambini giza limeingia, kuni zimelowa, sufuria hazitoshi, ugali unaliwa mbichi. Tumbo linaanza kuharisha, baadaye ni kuhara damu, na mwili uliochoka hivyo ukipata malaria au nimonia hauna cha kupigania. Mvua za Rufiji mwanzoni mwa 1917 zilizidisha yote hayo. Magonjwa yaliua wapagazi wengi mno kuliko risasi.

Mtani_wa_Dodoma
Posho kasema vizuri, ila hesabu yake ni ya upande wa Mwingereza. Ukiishia hapo, vijana watatoka wakiamini mateso yalikuwa ya upande mmoja. Jeshi la Mjerumani nalo lilichukua watu vijijini njiani, na halikuweka kumbukumbu ya maana ya wapagazi wake, kwa hiyo hata idadi ya waliokufa haijulikani. Msafara wake ulikuwa na wake wa askari na watoto pia, wakitembea na kujifungua njiani.

Na kuna kundi la tatu ambalo kila mtu hulisahau: waliobaki nyumbani. Pale Ugogo Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wanaume. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia na kuchukua vilivyobaki. Mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata Wagogo wanaiita Mtunya, na inakadiriwa iliua karibu mtu mmoja kati ya watano. Daktari wa jeshi la Mjerumani, Ludwig Deppe, aliandika mwenyewe kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa.

Tahadhari moja. Usiwachanganye askari na wapagazi kwenye kapu moja. Askari wengi wa Mjerumani waliajiriwa kwa mshahara mzuri kwa wakati ule, na baadhi yao walishiriki kuzima Majimaji 1905–1907. Wanafunzi wanaweza kumwonea huruma askari aliyeachwa mgonjwa njiani na bado wakauliza alifanya nini Songea. Ukiona wanang'ang'ania kujua nani alikuwa mwema, wape swali jingine: huyu angeweza kukataa? Angekataa, ingekuwaje?

MwlHistoria_Dar
Asanteni sana. Idadi ya vifo niandike ngapi? Kila ninaposoma naona tofauti.

Posho1917
Andika mbili, na useme kwa nini zinatofautiana. Hesabu rasmi ya wapagazi wa Mwingereza inazidi 40,000. Watafiti wengi wanafika karibu 100,000, kwa sababu waliotoroka, waliofia njiani wakirudi na waliopotea hawakuhesabiwa sawasawa. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa.

Kibao_Mnazi
Nyongeza kwa wale mashabiki wa pande: mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha KAR (King's African Rifles, jeshi lao la askari Waafrika) kutokana na waliokuwa askari wa Mjerumani. Mtu yule yule, bunduki nyingine. Waulize sasa wanamshangilia nani.

Mkitaka kutoka nje ya darasa, nendeni sanamu ya Askari pale barabara ya Samora, Dar, ya mwaka 1927. Maandishi yake yana Kiingereza, Kiswahili na herufi za Kiarabu, na wapagazi wametajwa humo kama miguu na mikono ya jeshi. Lakini juu amesimama askari mwenye bunduki peke yake, mpagazi hayupo pale juu. Waandike walichokisoma, kisha wachore ambacho hakipo pale juu. Nendeni Jumapili asubuhi, maana sanamu iko katikati ya mzunguko wa magari, na muwavushe kwa makundi ya watano. Mkitoka pale pitieni Kariakoo, ilikokuwa kambi ya wapagazi baada ya Waingereza kuingia mjini Septemba 1916.