Tupeane uzoefu: nani amewahi kubadilisha puli ya vilebreke mwenyewe, nyumbani?

Wa Keshero, Goma

Jambo bandugu. Naanza mimi, kisha kila mtu amwage yake. Wenzetu wa Tanzania wanaiita puli ya kranki: ile kubwa ya chini inayozungusha mkanda wa altaneta.

Gari yangu ni Toyota IST, injini 1NZ. Ilianza kulia asubuhi kama kifaranga. Nikabadilisha mkanda. Siku tatu kimya, halafu kifaranga akarudi. Nikabadilisha tena, hadi mke wangu akauliza kama nimeamua kuoa mikanda. Jioni moja nikamulika tochi upande wa gurudumu la kulia injini ikiwa inazunguka. Kumbe puli inayumba kama sahani iliyopinda!

Ile puli si chuma kimoja. Kuna kitovu kinachokaa kwenye vilebreke, kuna pete ya nje inayobeba mkanda, na katikati kuna mpira wa kumeza mtetemo wa injini. Mpira ukizeeka au ukilowa oili, unaachia. Pete inateleza au inatoka kwenye mstari, na mkanda unaliwa pembeni. Mikanda yangu miwili ilikufa bila kosa.

Shida ya kwanza haikuwa bulo (boliti inayoshika puli), ilikuwa kiwanja. Mnajua mawe yetu ya volkano: unaweka jeki juu ya jiwe, ukiegemea gari kidogo jiwe linageuka. Nikatandika ubao mnene, nikaweka gogo chini ya chasi, na gurudumu nililolitoa nikalilaza chini ya ubavu wa gari. Kisha bulo. Gia ni otomatiki, kwa hiyo ile njia ya kuzuia injini isizunguke kwa kuweka gia ya tano na mtu kukanyaga breki haipo. Mchomelea vyuma alinitengenezea chuma bapa chenye matundu mawili, nikakishikiza kwenye kitovu chenyewe, si kwenye pete. Saa mbili nzima napambana. Kijana wa jirani akaja na tiyo ya maji ya mita moja na nusu, tukaivisha kwenye mkono wa kle (spana). Ikalia TA! Nikajua nimeikata. Kumbe imeachia tu.

Puli yenyewe ilitoka kwa mikono. Kufunga nikaazima kle ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza: 128 Nm kwa hii 1NZ. Haya, ninyi?

Mama wa Katindo

Papa, pole na hongera. Mimi sikushika kle, nilishika hasara. IST kama yako. Nikiwa Birere taa nyekundu ya betri ikawaka. Nikasema betri ni jambo la kesho, usukani bado mwepesi, twende. Usukani wa gari hii ni wa umeme, hautakuambia kama mkanda umetoka! Na mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Nilipofika nyumbani moshi unatoka, jwan ya kilasi (gasketi ya kichwa cha injini) imeungua. Puli ingegharimu kidogo. Nililipa injini kufunguliwa. Taa ile ikiwaka, simameni hapohapo, hata kama ni katikati ya soko.

Kijana wa Ndosho

Mateso yote hayo ya nini, si umpe tu fundi dola zake?

Wa Keshero, Goma

Kadogo, fundi ndiye aliyeniuzia mkanda wa pili.

Mzee wa Kadutu, Bukavu

Yangu ni RAV4 ya zamani, 3S-FE, ile ya mkanda wa taimingi, mkanda wa ndani unaooanisha vilebreke na valvu. Fundi mmoja alibadilisha mkanda wa taimingi akifuata alama iliyo kwenye puli. Alama iko kwenye pete ya nje, na pete ilikuwa imeshateleza. Kwa hiyo alama ilikuwa inasema uongo. Gari ikawaka vizuri, lakini kupanda kutoka chini hadi Kadutu ikawa inaomba msamaha. Gia ya kwanza, na bado watu wa miguu wananipita. Tulibadilisha plagi, tukasafisha karbu (kabureta) ambayo hata haipo (acheni kunicheka, ni injini ya sindano za mafuta), wiki tatu nzima. Mtoto wangu ndiye aliyeona kuwa alama ya puli na alama za giya zilizo ndani hazikubaliani.

Tangu hapo, puli yoyote ninayonunua naichora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kitovu hadi pete. Baada ya wiki kadhaa naangalia. Mstari ukikatika na kuhama, mpira umeachia.

Wa Katuba, Lubumbashi

Mzee, hiyo ya rangi naichukua.

Huku kwetu watu wanapenda njia ya demareri (stata): unaegemeza mkono wa kle kwenye chuma cha gari, unakata mafuta na moto wa plagi, unagusa ufunguo kidogo, bulo inaachia. Inafanya kazi, lakini vidole viwe mbali. Shemeji yangu aliijaribu kwenye Honda CR-V ya kwanza. Injini ile inazunguka kinyume na Toyota. Kila alipogusa ufunguo, bulo ilizidi kukaza! Aligusa mara nne, na mara ya nne kle iliruka ikapasua redieta.

Na jingine: msikimbilie puli za okazi, zilizokwisha kutumika. Mpira wake umezeeka kama wako. Na ukitoa puli, usivute pete kwa makucha ya eksitrakta. Vuta kitovu, la sivyo unauchana mpira wake.

Mwingine wa Keshero, swali

Ndugu, mliangalia jwan spi (sili ya kuzuia oili) iliyo nyuma ya puli? Yangu niliiacha, nikaona iko sawa.

Wa Keshero, Goma

Hapo umenigusa. Sikuigusa. Na juzi nimeona tone la oili kwenye ubao, mahali palepale chini ya puli mpya. Mpira mpya, na oili tayari inaulamba. Jumamosi nafungua tena. Tiyo bado iko kwa jirani.