Naomba ushauri: shampuu ya tui la nazi inachacha

Habari zenu wapendwa, mimi niko Mtwara mjini natengeneza shampuu za kuuza mtaani na kwenye saluni. Ile ya kawaida ya sless (malighafi ya sabuni inayotoa povu), CDE (ya kuongeza povu na uzito), glisarini, chumvi na maji haina shida, inakaa miezi. Ila wateja wanataka ya nazi, na huku kwetu nazi si kitu cha kutafuta, kwa hiyo nakuna nachuja tui zito naliweka badala ya sehemu ya maji.

Ikiwa mpya ni nzuri mno, nywele zinalainika hata kuchana hakuumi. Baada ya siku chache sasa, juu utando wa mafuta chini majimaji, harufu inakuwa ya uchachu, chupa inavimba ukifungua inatoa gesi. Povu nalo linapungua, hilo najua ni mafuta ya tui. Nimejaribu kulichemsha tui kwanza, nimepunguza kiasi, nimetia sodiamu benzoeti ya kuzuia isiharibike, bado. Kuna dada kaniambia benzoeti inataka pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi inazidi) isizidi 5 na yangu kwenye karatasi ya kupimia inasoma 7. Formalini, ile dawa kali ya kuzuia kuoza, sitaki kabisa, kuna wanaowaoshea watoto.

Sasa nikishusha pH kwa sitriki asidi tui litatulia kweli, au niachane nalo nihamie mafuta ya nazi yenyewe? Na kama ni mafuta, niweke asilimia ngapi yasijitenge na povu libaki? Aliyewahi kuitengeneza ikakaa dukani kwenye joto kama hili letu anisaidie jamani.