Naomba ushauri: mwanangu hataki tena kanisa

Habari zenu ndugu zangu. Niko Mikindani, Mombasa, mama wa watoto watatu. Kifungua mimba wangu, miaka 19, hajakanyaga kanisani tangu Pasaka, na ndiye aliyekuwa akipiga kinanda kila Jumapili.

Ilianza na mchango wa mabati. Miaka miwili nimeweka shilingi 200 kila wiki kwenye bahasha ya kaki, pesa ya kuuza mahamri. Mabati hatujayaona. Mwanangu akasimama kikaoni akauliza hesabu, mchungaji akamwambia ana roho ya uasi. Mbele ya watu wote! Nami nikanyamaza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa nikimsihi ananijibu, "Mama, hata kule Shakahola watu walimfuata mchungaji bila kuuliza." Nakosa la kusema. Ni hapo Kilifi tu, msituni, waumini waliambiwa wafunge hadi kufa, na miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023.

Imani hajaipoteza, usiku namsikia akiomba. Je, nimwache kwanza, tuhamie kanisa lingine, au nirudi kwa wazee nidai hesabu mwenyewe? Mliopitia haya, nisaidieni.