Madai ya hataza: dai la 1 mbona fupi hivi?

Fundi Makambako:
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimeunda mashine ya kupukuchua mahindi yenye feni chini ya chekeche, punje zinatoka zimeshapepetwa. Ombi la hataza (haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wake) limepokelewa BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, mwezi uliopita, ndiyo maana naongea wazi. Sasa nimekaa kusoma madai aliyoandika mwanasheria, yaani vipengele vinavyotaja kinacholindwa, na dai la 1 linaninyima usingizi. Linataja ngoma yenye meno, chekeche na feni, basi! Meno yangu ni nondo za milimita 12 zilizopangwa kwa mshazari, nimeyahangaikia misimu mitatu. Hayo kayasukuma dai la 2 na la 3, yanayoanza "Mashine kama ya dai la 1". Nataka yote yaingie dai la 1 ili liwe na nguvu. Nakosea?

Mama Hataza:
Fundi, usiliguse. Mwigaji hunaswa na dai pale mashine yake inapokuwa na kila kitu kilichotajwa humo. Ukiweka nondo za 12, jirani atachomelea za 10 na hutampata. Dai la 1 ni huru, linasimama lenyewe. La 2 na la 3 ni tegemezi, yanabeba yote ya la 1 na kuongeza lao. Ikigundulika mashine ya zamani yenye ngoma, chekeche na feni, la 1 litaanguka kwa kukosa upya, lakini la mshazari laweza kupona. Jasho lako la misimu mitatu limehifadhiwa humo.

Fundi Makambako:
Asante mama, nimekuelewa. Na dai la 6, "njia ya kupukuchua mahindi"?

Mzee wa Tanga:
Hilo linalinda hatua za kazi, si chuma. Angalia hataza ya simu ya Alexander Graham Bell, namba 174,465 ya mwaka 1876. Dai lake la 5 lilitaja njia na kifaa cha kusafirisha sauti kwa umeme. Mwaka 1888 Mahakama Kuu ya Marekani ililikubali, na washindani waliounda vipaza sauti vya namna nyingine wakabanwa nalo.

Fundi Makambako:
Mzee, langu linamalizia "kwa kutumia mashine ya dai la 1". Ina maana mwenye mashine tofauti anaweza kufuata hatua zangu zile zile nisimguse?

Mzee wa Tanga:
Ndiyo. Mpigie mwanasheria kesho asubuhi, umuulize kama maelezo mliyowasilisha yanaruhusu dai la 6 lisimame peke yake.