Kibao cha 50 cha ZAMBARAU na MAUA kule Pongwe! Yule bwana aondolewe barabarani kabla hajatuua

Mwana Chumbageni:
Wakuu, nimeegesha gari hapa Kange, mikono bado inatetemeka. Naandika hasira ikiwa ya moto, maana ikipoa nitaanza kumsamehe na sitaki kumsamehe.

Yule bwana mnamjua. Simtaji, hana haja ya kutajwa, Tanga nzima inamjua. Pikapu ina ngazi juu, kofia ina rangi kumi na saba. Ndiye aliyemchora yule simba wa chekechea ambaye watoto wakimwona wanalia mpaka magharibi. Ndiye aliyechora vichwa vya vinyozi vyote mjini, na hakuna binadamu aliyezaliwa na kichwa kama vile. Nilinyamaza. Ukuta wa mtu, hela ya mtu. Sasa nani kampa barabara kuu? Nani huyo, jamani?

Leo asubuhi natoka Korogwe na mama mkwe. Kakaa mbele kwa heshima yake, leso mpya pea nzima, mfuko wa machungwa miguuni. Muheza tumepita salama, tunaongea maneno ya heri. Hatujafika Pongwe, naona kitu kinawaka kando ya barabara. Zambarau. Zambarau iliyoiva, ile inayoacha ulimi mweusi siku mbili. Katikati kuna 50 ya njano yenye kivuli, tarakimu zimelala upande kama jina la daladala, na ukingoni kazungusha maua na korosho kama pindo la leso. Lilikosekana jina la leso tu!

Mimi nikajua tangazo. La saluni, la ukumbi wa harusi, la andazi la shilingi hamsini, ningejuaje? Kibao cha mwendo nakijua tangu nasomea leseni: duara jeupe, ukingo mwekundu, tarakimu nyeusi. Nikapita na 71. Sijamaliza hata sentensi niliyokuwa nayo mdomoni, afande huyo, katoka nyuma ya mwembe na tochi.

"Kaka, hukuona kibao?"

Nikamwambia ukweli. Afande, nimeona zambarau, nikadhani tangazo. Hakunijibu. Akainama, akaingiza kichwa dirishani, akamwamkia mama mkwe shikamoo ya adabu kabisa, kisha akamuuliza: "Mama, wewe ulikiona kibao?"

Mama mkwe akasema: "Marahaba, mwanangu. Mimi nimekiona tangu kule."

TANGU KULE! Na kidole akakinyoosha, akaonesha kule kwenyewe!

Elfu 30 ya faini nitalipa, si hela inayoniuma. Miaka kumi na moja nimemwoa binti yake, sijawahi kukosewa adabu wala kukosea. Leo mbele ya afande, mbele ya bodaboda wanne waliosimama kutazama, "mimi nimekiona tangu kule." Tumetoka pale mpaka mjini hatujasemezana. Nimemshusha Ngamiani, kashuka na machungwa yake yote, hajanipa hata moja.

Yote kwa sababu ya mtu mmoja na kopo lake la zambarau. Rangi za barabarani si mapambo ya chumba cha bi harusi! Nyekundu ina kazi yake pale!

Nazi Kavu:
Uzi bila picha? Nimekaa paleee nasubiri.

Chungwa la Muheza:
Kwa hiyo bibi wa watu kaona, dereva mwenye leseni hakuona. Mkuu, hapa tatizo ni kibao kweli?

Mwana Chumbageni:
NIMEKIONA! Nani kasema sikukiona? Nilikiona mapema kuliko yeye, mimi ndiye nilikuwa usukani! Nilikiona nikakisoma ni tangazo! Kuona na kuelewa ni vitu viwili, na yule bwana kaviharibu vyote viwili.

Dereva Masafa:
Mleta uzi nakuunga mkono, na wanaocheka hapa hawajaendesha usiku. Mimi nabeba mzigo Horohoro mpaka Tunduma, mara nyingine navuka hadi Lusaka. Ukivuka mpaka hela inabadilika, lugha inabadilika, ugali unabadilika jina, lakini duara lenye ukingo mwekundu linakukataza vilevile. Pembetatu inakuonya. Kile cha kusimama kina pembe nane makusudi, ili hata ukikiona kwa mgongo, hata kimejaa vumbi, ukijue. Umbo lenyewe linasema kabla hujasoma. Watu walikutana Vienna mwaka 1968 kuandikiana mkataba wa mambo haya, hawakwenda kule kunywa kahawa.

Halafu kuna jambo mleta uzi hujalisema. Kibao cha kweli kina karatasi ya kuakisi mwanga, ile yenye vishanga vidogo vya kioo ndani, taa zako zikiipiga inakurudishia. Yule bwana kapaka rangi ya mafuta ya milango. Juzi nimepita saa nane usiku: sikuona 50, sikuona maua, sikuona korosho. Giza. Nina tani 28 nyuma na pale kuna watu wanavuka alfajiri kwenda shamba. Hapo ndipo tunapozikana. Usiku ule hata mama mkwe wako asingekiona.

Nazi Kavu:
Angekiona tangu kule.

Shemeji wa Pongwe:
Nimecheka mpaka nimemwaga chai. Mimi naishi hapo hapo. Kibao cha zamani kilikuwa kizuri, bodi nyeupe imepauka kidogo tu. Kikagongwa na fuso. Tukakaa miezi hatuna kitu, ndipo akaja na ngazi yake. Tulimuuliza mbona zambarau, akasema nyekundu ilimwishia kwenye kazi ya bucha.

Mwana Chumbageni:
NYEKUNDU ILIMWISHIA! Mmesikia? Nimedhalilishwa mbele ya mama mkwe wangu kwa sababu ya bucha!

Mtanga Ughaibuni:
Jamani mbona mnashangaa rangi? Dunia ina mengi. Huku Sweden 50 yenyewe ndani ni ya njano, si nyeupe, maana theluji ikianguka kibao cheupe kinapotea. Finland pia hivyo. Nilienda Italia likizo, barabara zao kuu za kulipia vibao ni vya kijani. Ukipanda milima ukaingia Austria, vibao vya barabara za namna ileile vinageuka bluu. Uingereza kinyume cha Italia: zile kubwa kabisa ndizo za bluu, zinazofuata ndizo za kijani. Na Marekani kibao cha kusimama kilikuwa cha NJANO mpaka 1954, kwa sababu walikuwa hawajapata nyekundu isiyopauka juani. Kule Hawaii utakuta mpaka vya bluu, kwenye maeneo ya watu binafsi. Na hiyo zambarau mnayoitukana ipo! Mwongozo wao wa 2009 umeiweka kwa njia za magari yanayolipa tozo kwa kifaa bila kusimama. Waridi nayo ipo, wanaitumia kwenye ajali na dharura.

Mwana Chumbageni:
Ndugu yangu, Pongwe kuna tozo? Kuna theluji Pongwe? Umesema mwenyewe Sweden ndani ni njano. Ukingo je? Ukingo ni rangi gani?

Mtanga Ughaibuni:
Ukingo mwekundu.

Mwana Chumbageni:
AHAA! Msweden kabadilisha tumbo, ukingo kauacha! Mmarekani kakaa na njano kwa sababu nyekundu nzuri hakuwa nayo, alipoipata akaipaka nchi nzima. Yule bwana nyekundu ikimwishia anaweka KOROSHO! Ningeuona ukingo mwekundu ningekanyaga breki, afande asingeinama, mama mkwe asingeulizwa, na lile neno lisingetoka. Ukingo tu, wakuu. Kidole kimoja cha nyekundu.

Mwalimu Mstaafu:
Vijana, msisahau maandishi. Uingereza walipotengeneza upya vibao vyao miaka ya hamsini na sitini, kazi waliwapa wachoraji wawili, Jock Kinneir na Margaret Calvert. Wakaacha kuandika majina ya miji kwa herufi kubwa tupu, wakachanganya kubwa na ndogo, kwa sababu neno linakuwa na umbo na dereva analitambua kwa mbali kabla hajalisoma. Yule mama ndiye pia aliyechora kile kibao cha watoto wanavuka, msichana kamshika mkono mvulana mdogo, na msichana yule alimchora kwa kujikumbuka yeye mwenyewe utotoni. Kibao kina upendo ndani yake, ukikitazama tu unapunguza mwendo. Sasa nendeni mkatazame alichofanya mwenzetu pale karibu na shule niliyofundisha.

Kasha la Mkonge:
Mwalimu umenikumbusha! Wale watoto kawachora wanacheza baikoko! Mmoja kashika kiuno! Lori zinapunguza mwendo kweli, madereva wanataka kuona mwisho wa ngoma.

Chungwa la Muheza:
Basi kinafanya kazi. Mnalalamika nini?

Bi Mkubwa wa Raskazone:
Mnahangaika na vibao, mtuambie matuta. Mtaani kwetu wameweka tuta jipya, halina mstari, halina kibao cha zambarau wala cha kaniki. Jumapili nimetoka na sufuria ya pilau miguuni naipeleka msibani. Tumeruka, mimi na pilau, nikarudi mimi peke yangu. Heri nyie mna maua ya kutazama.

Dereva Masafa:
Mama pole. Tuta bila alama ni mtego, hilo nalo tusilinyamazie. Mwaka juzi limenikatia springi mbili.

Mtaa wa 12:
Nyie mna bahati mna kibao chochote. Kwetu wanaking'oa chuma wanauza kwa kilo. Kuna banda la kuku namjua mwenyewe, mlango wake umeandikwa "Pangani" na mshale. Kuku wanajua njia ya Pangani kuliko wageni.

Nazi Kavu:
Mshale unaelekea wapi?

Mtaa wa 12:
Chooni kwa jirani.

Mwana Chumbageni:
Wakuu tusitoke kwenye mada. Nimepigiwa simu na mke wangu sasa hivi. Salamu hakuna. Kaniuliza swali moja: "Hivi macho yako yana nini? Mama anasema alikiona tangu kule." Imeshafika nyumbani! Imeshafika Korogwe kwa mashemeji! Na yule bwana saa hizi yuko mahali anakoroga zambarau, anaimba!

Chungwa la Muheza:
Nenda kapimwe macho Bombo, ni karibu hapo.

Bi Mkubwa wa Raskazone:
Mwanangu, nunua leso nzuri, mpelekee mkweo, kaa chini umwombe radhi. Usianze kumweleza habari za Sweden.

Mwana Chumbageni:
Radhi ya nini, mama yangu? Nimekosa nini mimi? Duara jeupe, ukingo mwekundu, tarakimu nyeusi! Ndivyo nilivyofundishwa!

Kasha la Mkonge:
Leso yenyewe usichukue ya zambarau.

Shemeji wa Pongwe:
Kwa taarifa, jioni hii wamepita watu wawili wenye fulana za njano, wamekitazama kibao, wakapiga picha, wakacheka, wakaondoka. Bodaboda wa hapa wanasema kisiondolewe, wameshapaita kituo "Zambarau". Abiria anasema nishushe Zambarau.

Mtaa wa 12:
Mpaka kituo tena! Sisi tangu enzi za mkonge tunaomba kituo chenye kivuli.

Dereva Masafa:
Basi kama kinabaki, mtu amwambie arudi na kopo la nyekundu, apige ukingo, na abandike karatasi ya kuakisi. Nasema kwa nia njema kabisa. Nitapita tena Alhamisi usiku na mzigo.

Kasha la Mkonge:
Samahani nitoke nje ya uzi kidogo. Nimefungua banda la chipsi pale Barabara ya 8, wateja wanapita hawalioni. Mwenye namba ya huyo bwana anitumie faragha.

Chungwa la Muheza:
Ninayo. Ukuta wa banda langu la juisi aliuchora yeye, watu wanauona toka kona.

Kasha la Mkonge:
Anachukua ngapi?

Chungwa la Muheza:
Hamsini. Ukimbembeleza, arobaini na tano, lakini rangi anachagua mwenyewe.