Naomba ushauri: hema la wavu la kukunja

Habari zenu wakuu. Natafuta hema la kukunja lenye wavu pande zote, la kukalia uani wageni wakija na la kubeba tukienda kulala ufukweni. Tupo Mwanza, kando ya ziwa. Taa ikiwaka tu, wale wadudu wadogo wa ziwani wanajaa hadi kwenye sahani ya sato.

Nimeonyeshwa mawili. La mabomba ya chuma ni zito, ila upepo litauweza. La fimbo za faiba linaingia kwenye begi, lakini vigingi vyake vyembamba mno, kwenye mchanga sidhani. Muuzaji yeye anasifia rangi tu! Je, wavu wa kuzuia mbu unawazuia na hao wadogo? Na lisilo na sakafu, si watapenya chini? Aliyewahi kutumia anijuze.