Cortina ya marehemu baba inatoa moshi mweusi, kabureta ya koo mbili, naomba msaada

Mwenye uzi: Habari wakuu. Mzee aliniachia Ford Cortina 2000 ya miaka ya 70. Asubuhi inawaka vizuri, ila injini ikishapata moto inaanza kumisi, moshi mweusi unatoka, plagi zimejaa masizi na petroli inaisha hovyo. Fundi anasema nitupe kabureta nifunge ya Toyota. Roho inakataa, mzee aliitunza mno hii gari. Kabureta ina koo mbili, moja nyembamba kuliko nyenzake. Ni ya aina gani?

Bisibisi: Pole sana kwa msiba mkuu. Usikisie kwa sura. Safisha kitako chake, pale inapokalia manifoldi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye injini). Jina limegongwa hapo.

Mwenye uzi: Nimesugua kwa mswaki na petroli. Weber 32/36 DGAV.

Spana 13: Hiyo ndiyo yake ya asili, usiitupe! 32 na 36 ni vipenyo vya koo kwa milimita. Ile ndogo inafanya kazi peke yake ukiendesha taratibu, kubwa inafunguka ukikanyaga zaidi. A ni choki (ile inayobana hewa injini ikiwa baridi) ya otomatiki, inayopashwa na maji ya injini. Ingekuwa DGEV ingekuwa ya umeme, DGV ya kuvuta kwa mkono. Sasa niambie, kile kidude cha duara pembeni kina mipira miwili ya maji?

Mwenye uzi: Hakina. Palikuwa panavuja, fundi akaunganisha mipira yenyewe kwa yenyewe.

Spana 13: Basi ugonjwa ni huo. Ndani ya duara kuna springi inayolegea ikipata joto la maji, ndipo vibao vya choki vinafunguka. Bila maji, injini inakunywa mchanganyiko wa asubuhi, wenye petroli nyingi, siku nzima. Hakikisha kwa macho: injini ikiwa ya moto, toa kisafisha hewa. Vibao vinatakiwa visimame wima. Vikiwa vimelala, badilisha gasketi ya duara na urudishe mipira. Kabla ya kulegeza zile skrubu tatu, weka alama kwenye mfuniko ili urudi palepale.

Bisibisi: Ukiwa hapo, toa jeti za sailensa, yaani vitundu vya kupitisha petroli injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Ziko pembeni kwa nje, kila koo na yake, huhitaji kufungua kabureta. Pulizia kwa kompresa. Tafadhali usichokonoe kwa waya, tundu likitanuka hata kidogo jeti imekufa. Angalia pia oringi (vipete vya mpira) za vishikio vyake, zikichoka hewa inapita na sailensa haitulii.

Spana 13: Na ukifungua mfuniko wa juu, pima kimo cha boya, lile linaloelea kwenye petroli. La shaba ni milimita 41, la plastiki 35, mfuniko ukiwa umesimama wima. Skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa ikaze polepole hadi iguse, usiibane, kisha rudisha mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Halafu sikiliza injini yenyewe.

Mwenye uzi: Vibao vilikuwa vimelala kabisa! Nimerudisha mipira jana, nimezunguka nayo saa nzima na moshi umekata. Mama alitoka nje aliposikia mlio, akasimama mlangoni mpaka nilipoizima. Sailensa bado inapanda na kushuka, Jumamosi nafungua zile jeti.

Bisibisi: Anza na ya koo ndogo.